Kombe za Mgeni

Sabra alinipigia simu Jumanne, baada ya adhuhuri, na hakuzunguka. Alisema, "Khamis, Bi Mize katutoka," kisha akanyamaza, kwa sababu ananijua kuwa nikiambiwa jambo hutaka nafasi ya kulipanga kichwani kwanza. Nilimuuliza amezikwa wapi na saa ngapi. Akaniambia kashazikwa jana yake, kwao, na hitima ni Alkhamisi. Nikasema inshallah tutakwenda pamoja. Nilipoweka simu nilirudi mezani kumalizia chakula changu, nikala mpaka sahani ikawa tupu, na mke wangu aliyekuwa akinitazama akaniuliza moyo wangu umetengenezwa na nini. Huniuliza hivyo mara kwa mara. Bi Mize hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Alikuwa mwanamke wa kijiji kimoja cha kusini, kabla hujafika Makunduchi, aliyenilisha kila mwezi kwa mwaka mmoja, na mwisho wa mwaka huo akanikosesha kitu nilichokitaka kuliko vitu vyote. Haki ilikuwa upande wake, na hilo nililijua siku ileile.

Mwaka kesho nastaafu, na katika miaka yangu yote ya kazi, huo ndio mwaka ninaoukumbuka chumba kwa chumba. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya mawe na chokaa, ndani ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro chembamba ambacho baiskeli na mtu mwenye kikapu hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Kwa kazi yetu hapakuwa na mahali pabaya kuliko pale. Tulikuwa tukipima madini mazito katika tope, maji na viumbe vya pwani: risasi, zebaki, kadimi. Risasi ninayoisema si ya bunduki, ni metali yenyewe, laini, ya kijivu, nzito mkononi. Tulichokuwa tukikitafuta kilikuwa kiasi kidogo sana, ambacho kikitoka kwenye vumbi la ukuta kikaingia ndani ya chupa hukioni kwa jicho wala hukihisi kwa ulimi, lakini mashine itakiona na kukuandikia namba. Na kuta zile zilikuwa zikimwaga vumbi kutwa kucha. Ukifuta meza asubuhi, ikifika saa nne unaweza kuandika jina lako kwa kidole.

Mkuu wetu, Dokta Nassor, alikuwa mfupi, nadhifu, hapandishi sauti, na aliuchukia uchafu kama mtu anavyomchukia jirani aliyemdhulumu kiwanja. Alitandaza nailoni chini ya dari nzima. Viatu vilibaki ngazini. Pete, bangili na saa viliwekwa kwenye kopo mlangoni. Sabra, ambaye tulianza naye kazi katika wiki ileile, alikatazwa hata wanja, kwa kuwa ule wanja wa manga una risasi ndani yake, na punje moja ikianguka kutoka kwenye kope inatosha kuharibu kazi ya wiki. Alikwenda harusini kwao macho makavu, shangazi zake wakamshika pembeni kumuuliza anaumwa nini. Chupa zote tulizirowesha katika tindikali siku tatu kabla ya kuzitumia. Na kila tulipopika sampuli zetu, chupa moja tuliiacha tupu, yenye maji safi na tindikali peke yake, nayo ikapita njia yote ambayo sampuli zimepita. Mashine ikisoma chochote katika chupa hiyo tupu, basi uchafu umetoka kwetu, na kila kitu kinamwagwa. Dokta Nassor aliipenda chupa tupu kuliko chupa zenye kitu. Nimekutana na wataalamu wengi tangu wakati huo, na sijamuona aliyekuwa mkali kwa nafsi yake kuliko yeye.

Kula mle ndani ilikuwa haramu, kwa hiyo tulikula ngazini, mimi na Sabra, kila mtu na daraja yake. Boflo na maharage ya nazi, siku nyengine mikate ya kumimina ya mama yake Sabra, ambayo aliifunga kwa kitambaa na kunigawia kabla sijaomba. Dirisha la ngazi lilitazama dirisha la nyumba ya pili, na ndani ya nyumba hiyo waliishi mawifi wawili waliokuwa na ugomvi wa tangi la maji. Tuliufuata ugomvi ule mwaka mzima. Sabra alikuwa upande wa wifi mdogo, mimi wa mkubwa, na tukifika kazini asubuhi jambo la kwanza ni kuulizana nani kashinda. Kulikuwa na jambo jengine ambalo hatukulizungumza. Dokta Nassor alikuwa na nafasi moja ya masomo ya juu, nje ya nchi, ya mtu mmoja kutoka maabara yetu. Kila mtu alijua ni yangu. Fomu zangu zilikuwa safi, hati yangu inasomeka, na Dokta aliwahi kuwaonesha wageni daftari langu kama mfano. Nilishanunua sanduku.

Kazi ya mwaka huo ilikuwa ghuba moja ya kusini. Mahoteli yalikuwa yanaota kila upande, vyombo vya mashine vinapakwa rangi na kumwaga mafuta pale pale mchangani, na watu wakaanza kuuliza kama bahari bado ni salama. Tukatakiwa tuchukue tope, maji na kombe kila mwezi, wakati wa bamvu, maji yanapotoka mbali. Kombe ni viumbe vyenye magamba mawili vinavyojifukia mchangani. Haviendi popote. Vinachuja maji yanayopita, na kilichomo majini vinakihifadhi katika nyama, kwa hiyo ukitaka kujua siri ya ghuba unaiuliza kombe. Lakini ghuba ile haikuwa yetu peke yetu. Wanawake wa kijiji kile waliishi kwa kombe. Walizichimba, wakazipeleka soko la Darajani, mjini, na jikoni za mahoteli, na ndiyo iliyokuwa ada ya skuli, dawa, na kanga ya Idi. Sheria yetu ilikuwa nyepesi kuisoma: mpimaji azitoe kombe kwa mkono wake, amevaa glavu za mpira, azisuuze kwa maji ya bahari palepale, azitie ndani ya mifuko yetu iliyosafishwa, na aandike kwenye fomu nani kazitoa, wapi, na saa ngapi.

Mwezi wa kwanza nilifanya hivyo. Nilikunja suruali, nikavaa glavu zangu, nikashuka pwani na wanawake, na wakacheka mpaka wakachoka. Nilichimba saa nzima nikapata kombe kumi na moja, na mmoja wao akaniuliza kama nilikuwa nikizitafuta au nikizizika. Walizungumza wao kwa wao Kimakunduchi, nami nikadaka nusu, na nusu niliyoidaka ilinihusu. Lakini niliona pia kuwa walikuwa wakifanya kazi kwa tabu. Kila nilipogeuka waliteremsha kanga. Waliinama nusu, wakasogea mbali, na maji yalipoanza kurudi vikapu vyao havikujaa. Ndipo Bi Mize alipokuja kusimama karibu yangu. Nyumba yake ndiyo niliyoelekezwa na sheha, mkuu wa kijiji, nifikie. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpana, ambaye alipozungumza na wewe alitazama kazi ya mikono yake na si uso wako.

"Mwanangu, wewe kaa barazani," alisema. "Wenzangu wanaona haya kupandisha kanga na mwanamme yupo. Tupe hiyo mifuko yako, tutakuletea."

Ningefanya nini? Kijana wa mjini, nimelelewa, naambiwa na mtu wa umri wa mama yangu kuwa nawatia wanawake aibu katika pwani yao wenyewe. Nilimpa mifuko. Tope na maji niliendelea kuchukua mwenyewe, upande wa mikoko ambako hapakuwa na mtu. Kombe nililetewa. Jioni nilikaa barazani na mumewe, Mzee Vuai, mvuvi wa mshipi aliyepungukiwa na meno na asiyepungukiwa na hadithi. Wavuvi walikuja kununua kwake chubwi, vile vizito vya kufungia mshipi, wakazipima viganjani, wakabishana bei. Nilipewa chumba cha mbele. Wali uliletwa, na kombe za nazi zenye ndimu na bizari, na Bi Mize aliuliza kutoka nyuma ya pazia kama chumvi imekaa sawa. Asubuhi mifuko yangu ilikuwa tayari, imefungwa vizuri, kombe ndani yake nyeupe, safi, hazina punje ya mchanga. Niliona usafi ule nikafurahi. Nikatoa kalamu, na pale palipoandikwa aliyetoa sampuli nikaandika Khamis, nikatia saini. Nilifanya hivyo miezi saba.

Nimejiuliza kwa nini sikuandika kweli. Haikuwa uvivu, mimi si mvivu. Nadhani niliona ni jambo dogo, na fomu yenye jina la mwanamke wa kijijini ingemfanya Dokta Nassor aniulize maswali, na mimi nilikuwa kijana ambaye haulizwi maswali. Kulikuwa na mtoto katika nyumba ile, mjukuu wa Bi Mize, Mwatima, msichana wa miaka minne au mitano, aliyekaa na bibi yake kwa kuwa mama yake alifanya kazi mjini. Hakuwa akisema sana. Alikaa kizingitini amejikunja, mikono tumboni, na mara kwa mara nilimsikia akilia ndani na Bi Mize akimbembeleza, akisema tumbo la mtoto huyu halitulii, leo siku ya tatu hajakwenda choo. Walimpa maji ya mwarobaini, walimsomea, walimpeleka hospitali wakapewa dawa za minyoo. Niliyasikia yote hayo nikiwa napuliza chai yangu. Nilimwambia Bi Mize poleni, na nilikuwa nasema kweli.

Mashine ilipoanza kusoma kombe za ghuba ile, risasi ilipanda mpaka Dokta Nassor akasimamisha kazi na kuamuru chupa zote zioshwe upya. Tukaosha. Chupa tupu ilisoma tupu. Kombe zikasoma vilevile. Zebaki haikuwapo, kadimi ilikuwa kidogo ya kawaida, tope na maji hayakuwa na kitu cha kusema, ila kombe zilikuwa na risasi ambayo hakuna mtu mwenye akili angemruhusu mwanawe kuila, kwa kuwa hudumaza akili ya mtoto. Dokta alirudia mara tatu. Alifungua daftari langu, akapitia fomu moja moja kwa kidole, akanambia, "Ingekuwa mtu mwengine ningesema kaharibu. Wewe nakuamini." Akaandika barua kwa wakubwa. Baada ya wiki mbili sheha aliwakusanya wanawake akawasomea kuwa ghuba imefungwa, kombe hazitolewi wala haziuzwi mpaka watakapoambiwa vyengine. Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja aliuliza itakuwa kwa muda gani, sheha akanitazama mimi, na mimi nikasema utafiti unaendelea.

Iliendelea miezi minne. Nilikuwa nikienda bado kuchukua tope na maji, na nilifikia kwa Bi Mize kama kawaida. Aliniletea wali na mchicha. Aliniomba radhi kutoka nyuma ya pazia: leo hakuna cha baharini, mwanangu, mmetufungia. Alisema bila kisirani, kama anavyosema mtu kuwa mvua haikunyesha. Kijijini wanawake walikuwa wakigonga kokoto, wengine wamekwenda kulima mwani vijiji vya jirani kwa ruhusa ya watu. Barazani wanaume walisema mahoteli yanataka pwani, na kuwa mimi nimetumwa. Mzee Vuai aliwajibu kuwa mgeni wake hasemwi mbele yake. Nilizamisha uso kwenye kikombe. Wakati ule niliona uchungu kwa ajili yao, lakini uchungu wenye starehe ndani yake, kwa sababu niliamini nimewaokoa.

Kabla barua ya mwisho haijaandikwa, ile ya kufunga ghuba moja kwa moja, Dokta Nassor alitaka kombe zichukuliwe tena mara moja na mtu mwengine. Hiyo ilikuwa desturi yake. Akamtuma Sabra. Sabra alifunga kanga kiunoni, akashuka na wanawake, akachimba nao kutwa, akazisuuza palepale, akarudi na mifuko mitano. Mashine haikusoma kitu. Kombe za ghuba zilikuwa safi kama za ghuba yoyote. Dokta alimwambia Sabra, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kuwa bila shaka amekosea pahala. Sabra hakujitetea. Adhuhuri alikuja ngazini, hakukaa daraja yake, akasimama.

"Kombe zako alizitoa nani?" aliniuliza.

"Mie."

"Wallahi?"

Nilimega kipande chengine cha boflo. Alivaa viatu vyake palepale ngazini, na Ijumaa ile akaenda tena kusini peke yake, bila kutumwa. Alilala kwa Bi Mize. Na kwa kuwa ni mwanamke, hakukaa barazani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, kule uani nyuma ya nyumba, akasaidia kukuna nazi. Jumatatu alinieleza alichokiona, na alinieleza bila kuniangalia. Kulikuwa na sufuria moja ya zamani, imekatika mikono. Kupikia haikutumika. Mzee Vuai aliitumia kuyeyushia risasi ya betri mbovu za magari, akaimimina kwenye kalibu za mchanga kufanya chubwi zake. Siku ambazo hafanyi chubwi, Bi Mize alirowesha kombe ndani yake usiku kucha na maji ya bahari, ili zitapike mchanga. Aliitumia hiyo kwa sababu ya usafi. Sufuria ya chakula haitiwi tope. Kombe za kula nyumbani zilirowekwa humo, na za mgeni kutoka mjini pia, kwani mgeni hapewi kombe zenye mchanga. Za sokoni hazikurowekwa, ziliuzwa kama zilivyotoka. Sabra alikuwa amerowesha kombe chache humo, akazileta, akazipima asubuhi hiyo kabla sijafika. Karatasi ya mashine aliiweka juu ya goti langu. Namba zilikuwa zangu zile zile.

Mtaalamu wa risasi, nimekaa mwaka mzima na mtengeneza chubwi, naziona zikipita kutoka mkono hadi mkono, na sikujiuliza zinapikwa wapi. Jikoni si pa mwanamme mgeni, na mimi nilijua adabu yangu. Sabra alinipa mpaka Alkhamisi nimwambie Dokta mwenyewe. Nilimwambia, lakini nilimwambia nusu. Nilisema inaonekana mifuko ilichafuliwa na sufuria ya nyumba ile wakati wa kufunga. Sikusema nani alikuwa amefunga. Dokta Nassor alisema ghuba ifunguliwe mara moja na tutakwenda wenyewe kuwaambia. Alitaka waambiwe ni kosa la maabara, basi. Hakuona sababu ya Bi Mize kuvunjiwa uso mbele ya wenzake, kuwa sufuria yake ndiyo iliyowalaza na njaa miezi minne. Mimi nilikubali haraka. Kosa la maabara halina jina la mtu, na nafasi ya masomo ilikuwa itangazwe mwezi unaofuata.

Tulikwenda watatu. Wanawake waliitwa kwenye darasa la skuli. Kabla ya hapo tulipita kwa Bi Mize, mimi na Dokta tukakaa barazani, Sabra akaingia ndani kumueleza kwa siri. Walikaa sana. Hatukusikia sauti. Alipotoka, Bi Mize alikuwa amejifunga kanga upya na ameshika sufuria ile ubavuni, na Mwatima amemshika ncha ya kanga. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akapita. Dokta akamwita, akamwambia hakuna haja, Bi Mize, sisi tutazungumza. Hakugeuka.

Darasani aliiweka sufuria juu ya meza ya mwalimu. Aliwaambia wenzake kuwa ghuba haina kitu na haikuwahi kuwa na kitu, kilichokuwepo kimo humu. Akawaambia waume zao nao wana vyombo vya kuyeyushia chubwi kama hiki, wasijifanye hawajui, na waangalie wanatia nini humo. Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ukingo wa kanga. Kisha akanionesha mimi kwa kidevu.

"Na huyu kijana msimseme," alisema. "Kombe hakuzitoa yeye. Nlizitoa mie, nkaziosha, nkamfungia. Alikuwa anakaa barazani na adabu zake."

Alikuwa akinitetea. Aliamini hivyo, na mpaka leo naamini alikusudia hivyo. Dokta Nassor aligeuka akaniita jina langu, nikasema naam, Dokta. Akaniuliza ni miezi mingapi. Nikasema saba. Hakuuliza jengine. Mwanamke mmoja wa nyuma aliinuka akatoka, nikadhani amekasirika. Akarudi na kikarai cheusi. Akatoka mwengine. Ilipofika alasiri meza ya mwalimu ilikuwa na vyombo sita, na Sabra anavifuta kimoja kimoja kwa karatasi safi, anaandika majina ya wenyewe. Wanawake walimsaidia. Mimi nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti kifuani, sikuwa na kazi.

Nafasi ya masomo alipewa Sabra. Leo ni Dokta Sabra, na Alkhamisi ile ya hitima ndiye aliyeendesha gari. Ningekuwa Dokta Nassor ningeamua vilevile, na nilimwambia hivyo alipostaafu, akacheka, akasema anajua. Ghuba ilifunguliwa wiki ileile. Mwatima ndiye aliyetupokea hitimani. Ni mtu mzima sasa, mpole, ana watoto wake, maneno yake machache, na kuhesabu sahani za wageni kulimshinda mara mbili mpaka binti yake akaja kumsaidia. Watu wa nyumbani husema ndivyo alivyoumbwa. Mimi sisemi kitu, kwa kuwa sina namba.

Lakini siku ile ya vyombo sita, kabla hatujapanda gari, Bi Mize alinifuata. Nilijua anakuja kuniomba radhi kwa chochote alichokiona usoni mwa Dokta, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumtuliza. Hakuja kwa hilo. Alikuwa amempakata Mwatima. Aliniambia kuwa tangu tufunge ghuba, tangu nyumba ile isipike kombe, mtoto hajalia tumbo. Miezi minne. Alikuwa akidhani ni ile dawa ya minyoo.

"Sasa huyu mnampima vipi?" aliniuliza.

Nilimwambia kuwa hatumpimi. Nikamueleza, kwa adabu, kuwa mashine yetu inasoma tope, maji na kombe, kuwa damu ya mtu ni kazi ya watu wengine, na kuwa kwa sasa sijui pa kumpeleka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Safari hiyo hakutazama mikono yake, alinitazama mimi.

"Mwaka mzima umekuja kwangu," alisema. "Ungelianza na huyu."